Naomba ushauri: mapigano ya Tanga ya 1914, mezani Waingereza wanashinda kila mara

Wakuu, habari za jioni. Tuko kikundi kidogo hapa Moshi, tunacheza mapigano ya kihistoria kwa sanamu ndogo za askari na dadu. Tumekwama kwenye Tanga, Novemba 1914.

Waingereza walishusha watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000 tu, na bado akawarudisha melini. Kwetu haiwi hivyo. Sanamu moja tunaihesabu watu 20, na Wajerumani wanakwisha kabla mchezo haujafika katikati.

Tumejaribu kuwaongezea askari wake alama za ari, na kuwazuia Waingereza wasionane vizuri ndani ya minazi (makuti yake tumeyatengeneza kwa nyuzi za katani, yamependeza kweli). Imesaidia kidogo tu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, vikosi vya Wajerumani vilivyoteremshwa kwa treni kutoka huku kwetu Moshi viingie kwa zamu iliyopangwa, au tuamue kwa dadu? Mimi napendelea dadu, maana siku ile hakuna aliyejua nani atawahi. Wenzangu wanasema hapo bahati inazidi akili. Pili, nyuki. Katika mapigano yenyewe waliuma pande zote, hata wapiga bombomu (bunduki za rashasha) wa Kijerumani walitimuliwa. Tuweke kanuni gani ili wasigeuke silaha ya upande mmoja?

Tunacheza tena Jumamosi. Aliyewahi kusawazisha mchezo wenye idadi zilizopishana hivi, tafadhali anielekeze. Natanguliza shukrani.