Wauza viungio vya mipira ya maji Kariakoo, acheni kutuuzia vitu visivyofungana

Wakuu, nina hasira na leo nayasema.

Bustani yangu iko nyuma kabisa ya kiwanja, huku Goba, bomba liko mbele. Lazima niunge mipira miwili. Nikamwambia muuzaji bila kuficha: mmoja ni nusu inchi, mwingine ni robo tatu, naomba cha kuunganishia. Jibu lake: "Chukua hii bosi, inaingia kote."

Inaingia kote wapi? Nusu inchi ni kama milimita 13 kwa ndani, robo tatu ni 19. Upande wa nusu kimekaa vizuri. Upande wa robo tatu kinacheza. Unakaza klipu mpaka mpira unajikunja, na pampu ikiwaka tu unachomoka, maji yote yanaishia ukutani.

Lakini la saizi angalau unaliona kwa macho. Linaloniuma zaidi ni tredi, yaani ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, kwa sababu hapo mteja anaibiwa bila kujua. Mabomba yetu ni ya tredi ya Kiingereza, BSP, na robo tatu yake ina tredi 14 kwa inchi. Vifaa vya bustani vya Marekani vina tredi yao, GHT, ambayo ni 11 na nusu kwa inchi, ila upana unakaribiana mno na robo tatu yetu. Vyote vinamwagwa kwenye beseni moja! Ukifunga cha Marekani kwenye bomba lako kinashika mzunguko mmoja, miwili, kinagoma. Unadhani hujakaza, unachukua spana, tredi za plastiki zinaliwa, kwisha habari. Na hata uzungushie tepu nyeupe roli zima, bado kitavuja. Kiungio cha namna hii kinazuiwa kuvuja na ile washa ya mpira iliyo ndani, ambayo inatakiwa ibanwe hadi mwisho. Tredi ikigoma njiani, washa haibanwi. Vingine hata hiyo washa havina, ukivichungulia ni vitupu.

Rudisha sasa uone. "Mali ikishauzwa hairudishwi." Halafu unashauriwa ufunge raba ya tyubu. Nifunge raba ya tyubu kwenye kitu kipya nilichotoka kukilipia?

Na msiseme ni maji kidogo tu. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua hapa Dar ni za kubahatisha, wengi tunajaza simtanki kwa boza, kwa hela. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 lina presha ya kama baa 0.3 tu. Maji yakishavuja pale kwenye kiungio, huku mwisho wa mpira unapata ya kunawa mikono, na matuta ya mchicha na matembele yanakusubiri.

Wenye maduka, tenganisheni mizigo. Andikeni saizi ya mpira na aina ya tredi kwenye kila boksi. Wekeni pale kaunta kipande cha bomba la robo tatu, mteja afunge mwenyewe kabla hajatoa hela. Hilo linawagharimu nini?

Na mwanajukwaa anayejua duka, Gerezani au popote, lenye viungio vya shaba vya nusu kwa robo tatu na wanaoruhusu kujaribisha, naomba ataje mtaa hapa. Bei hata ikiwa juu nitalipa.