Leseni umelipia, kompyuta inakukana. Wadau wa Kigoma, tupeane uzoefu

Mwenye mada: Hili linauma sana. Mtu kanunua laptopu yenye Windows halali, umeme umekatika ukarudi kwa kishindo, bodi mama imeungua, fundi kaweka nyingine. Kuwasha tu, kosa 0xC004F211, eti uamilishe, yaani uthibitishe leseni upya. Aliyechakachua anapiga kazi, aliyelipa ndiye anayehojiwa. Mwageni mnayoyajua.

Fundi Mwanga: Leseni ya kidijitali inafungwa kwenye utambulisho wa vifaa, na bodi ndiyo shina lake. Iunganishe na akaunti ya Microsoft mapema, bodi ikiwa nzima. Njia hiyo ipo tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016. Ukishabadilisha, ingia kwa akaunti ileile, fungua kitatuzi cha uamilishaji, chagua kwamba umebadilisha kifaa hivi karibuni. Aina ya leseni utaijua kwa kuandika slmgr /dli kwenye dirisha la amri. Ikisoma OEM, hiyo ilizaliwa na mashine ile, haihamii nyingine. Ikisoma RETAIL, yaani iliyouzwa peke yake, itoe kwenye mashine ya zamani kwa slmgr /upk, uipeleke mpya.

Kibirizi: Kweli tupu. Wengi wanaikumbuka akaunti bodi ikiwa majivu.

Mpimaji Kasulu: Ya Windows yana dawa. Balaa ni ufunguo wa USB wa programu za kupima ardhi. Kidude kama kidole gumba, kimebeba leseni ya mamilioni, kinachomoza pembeni ya laptopu juu ya boneti ya gari. Kikigongwa kidogo tu, shingo imekatika, programu haifunguki, na wenye shamba wamesimama wanangoja mipaka. USITUPE VIPANDE! Kampuni nyingi hubadilisha kilichovunjika ukikirudisha. Kilichopotea unanunua upya. Tumia waya mfupi wa kurefusha USB, kishindo kiishie kwenye waya. Taa isipowaka, hamisha tundu. Kwa wenye Sentinel, aina mojawapo ya funguo hizo, andika localhost:1947 kwenye kivinjari. Ukurasa usipofunguka, draiva, programu inayoendesha kidude hicho, imekufa, ipige upya.

Ujiji: Kwa mateso hayo si bora krak, kiprogramu cha kuvunja leseni?

Fundi Mwanga: Usimshauri mtu hivyo, ndugu yangu. Krak za KMS zinaigiza seva ya ofisi, uamilishaji wake unaishi siku 180, na nyingi zinataka uzime antivairasi kwanza. Steshenari inayotunza vyeti vya watu itazima?

Ujiji: Sijasema ni halali. Microsoft 365 ya kulipia, yenye Word na wenzake, inataka intaneti angalau mara moja kila siku 30. Mtu wa kijiji cha Kalya, huko ziwani, ikimpita, faili anasoma, kuhariri hawezi. Kalipa! Hiyo ni haki?

Kibirizi: Hapo Ujiji ana hoja.

Dada Steshenari: Kabla hamjagombana, angalieni tarehe ya kompyuta. Betri ya saa, CR2032, ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma, vyeti vya usalama vya seva vinakataliwa, uamilishaji unagoma. Watu wanapiga Windows upya bure. Pima kwa mita, nzima inasoma kama volti 3. Zima, chomoa waya, badilisha, weka tarehe, jaribu tena.

Mpimaji Kasulu: Na wa Kalya, ukija mjini fungua Word ukiwa na bando kabla ya kupanda boti. Siku 30 zinaanza upya.