Naomba ushauri: PCR ya majongoo bahari inakataa, nibadilishe praima au nitume sampuli nje?

Kasa_Mdogo
Habari za muda huu wakuu. Nina shida ya maabara, naomba wenye ujuzi mnisaidie. Nina sampuli za majongoo bahari kutoka Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja. Kwa umbo ni kama jongoo mchanga (Holothuria scabra), ila mgongoni wana mabaka ya manjano ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote. DNA nimeitoa kwa vifaa vya safu (vichujio vya kunasa DNA) vya dukani, nikapiga PCR (kukuza nakala za DNA) ya jeni la COI, la kutambulia spishi, kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia nakala) LCO1490 na HCO2198. Kwenye jeli naona ukungu tu chini, bendi (mstari wa DNA iliyokuzwa) hakuna. Sampuli ya samaki niliyoiweka kama kipimo inatoka safi kabisa.
Kuna maabara Ulaya iko tayari kunisomea herufi za DNA. Nibadilishe praima au nitume huko? Na zikitumwa zinafungwaje zisizuiwe uwanja wa ndege? Muda wangu mdogo, mwisho wa kupeleka muhtasari wa kongamano ni mwezi huu.

Dodoma_Kavu
Sisi wa huku bahari tunaiona kwenye kalenda. Nakaa siti ya nyuma nipate elimu. Ila kabla hamjaendelea, hawa ndio wale wanaouzwa kwa Wachina? Ni kweli wanaongeza nguvu?

Kupwa_na_Kujaa
Dodoma, wale ni chakula. Tuachane na hayo.
Mleta uzi, tatizo lako ni praima. Hizo LCO na HCO, za mtafiti Folmer za 1994, zilitengenezwa kwa wanyama wasio na uti wa mgongo kwa jumla. Kwa jamii ya majongoo na viti vya pweza leo zinashika, kesho zinakataa. Tafuta COIceF na COIceR, zilitolewa 2010 mahususi kwa jamii hiyo. Anza na nyuzi 95 dakika 3, halafu mizunguko 38: nyuzi 95 sekunde 30, nyuzi 48 sekunde 45, nyuzi 72 dakika 1. Malizia nyuzi 72 dakika 5. Ikikataa shuka hadi 45 kwenye hatua ya kushikana, usishuke zaidi, utaanza kukuza vitu visivyokuhusu. Na weka praima 16SAR na 16SBR, za jeni la 16S, pembeni. 16S si kali kama COI katika kutenganisha spishi za karibu, lakini haisumbui.

Mama_Ngisi
Praima ni swali la pili. Ukuta wa mwili wa jongoo umejaa ute na sukari ndefu zinazoganda na DNA, na hizo ndizo zinazofunga kimeng'enya cha PCR. Soma uwiano wa 260/230 (kipimo cha usafi wa DNA). Ukiwa chini ya 1 usihangaike kuongeza DNA kwenye mchanganyiko, ipunguze: 1 kwa 10, halafu 1 kwa 50. Ongeza BSA (protini inayokinga kimeng'enya) hadi ifike mikrogramu 0.4 kwa kila mikrolita ya mchanganyiko. Kama bado, rudi mwanzo utoe DNA upya kwa CTAB (aina ya sabuni) asilimia 2 yenye chumvi 1.4 M, sukari nyingi inabaki nyuma. Na usikate ngozi, pasua mnyama uchukue misuli mirefu ya ndani, iko mikanda mitano. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha. Watu wanadhani nyama nyingi ndiyo DNA nyingi, kumbe wanajaza safu inaziba.
Sasa nijibu: baada ya kuwatoa majini walihifadhiwa kwenye nini?

Kasa_Mdogo
Asante sana dada. Uwiano wa 260/230 ni 0.6. Walihifadhiwa vizuri tu, kwenye dawa ya kawaida ya maabara, na chupa zimefungwa barabara. Hiyo COIce nitaiagiza. Ila bado naona maabara ya nje ingemaliza mchezo mapema.

Mpemba_Halisi
Hapo kwenye kuhifadhi ndipo watu wanapoharibu, wacha niseme. Jongoo akitiwa kwenye dawa akiwa hai anajikunja, anatapika matumbo, unabaki na mfuko mgumu usiopimika. Bohadschia, jongoo wa jenasi nyingine, yeye anakurushia nyuzi za gundi, ukizishika kwa mkono mtupu utalala nazo. Kwanza mlegeze: gramu 75 za magnesi kloridi ya fuwele kwa lita 1 ya maji yasiyo ya chumvi, halafu changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari aliyotoka. Muache mpaka ukimgusa minyiri ya mdomoni hairudi ndani. Mkubwa anachukua saa nzima na zaidi. Magnesi ikikosekana watu hutumia mafuta ya karafuu, na sisi karafuu hatuombi kwa mtu, lakini yayeyushe kwenye ethanoli kidogo kwanza, la sivyo yanaelea juu na mnyama hapati kitu.
Picha za rangi zipigwe hapo hapo akiwa hai, na kadi ya rangi pembeni.

Mama_Ngisi
Sheikh umeeleza vyema, lakini mwenye uzi hajanijibu. "Dawa ya kawaida" ni ipi? Ethanoli ya asilimia ngapi? Spiriti ya dukani? Au formalini?

Kasa_Mdogo
Ni formalini ya asilimia 10, dada. Wiki sita, ndipo wakahamishiwa ethanoli ya asilimia 70. Lakini sikukurupuka. Nilitaka umbo libaki kwa ajili ya holotaipu (kielelezo rasmi cha spishi mpya), na makumbusho yamejaa vielelezo vya formalini ambavyo watu wanavifanyia kazi hadi leo. Halafu nimesoma kwamba DNA inatoka hata humo, ndiyo maana nikasema maabara ya nje. Muhtasari nimeshauandika kwamba ni spishi mpya, msimamizi ameshauona.

Mama_Ngisi
Ahaa. Sasa tunazungumza.
Formalini inafunga DNA na protini kwa viungo ambavyo kimeng'enya cha kawaida hakivifungui, na kila wiki inazidi kuikatakata. COI ya herufi 650 humo usiitegemee. Wenye vifaa maalumu huosha formalini siku kadhaa, wanachemsha kwenye bafa ya alkali, halafu wanatafuta vipande vya herufi 100 hadi 200, na bado nyingi hazitoi kitu. Ukungu unaouona kwenye jeli ni vipande hivyo hivyo. Ukituma Ulaya utakuwa umetuma ukungu kwa nauli ya ndege.
Utaratibu kwa wengine wanaosoma: kata misuli KABLA ya formalini, tia kwenye ethanoli ya 95 au 96, ujazo wa ethanoli uwe angalau mara tatu ya nyama, na umwage ubadilishe baada ya saa 24, maana jongoo ni maji matupu na ethanoli yako ya 96 kesho yake itakuwa 70.

Hakimu_wa_Pwani
Nyote mnaongelea dawa, hakuna aliyeuliza kibali. Menai ni eneo la hifadhi. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, usije na karatasi ya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) ya bara ukadhani yatosha. Kutoa nje ni jambo jingine tena: kuna Itifaki ya Nagoya ya rasilimali za vinasaba, unahitaji ridhaa ya nchi na makubaliano ya uhamisho wa sampuli, maabara inayopokea nayo itaudai mkataba huo. Majongoo aina ya pauni wa Bahari ya Hindi, fuscogilva na nobilis, wapo Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu 28 Agosti 2020, na jamii ya Thelenota ikafuata Mei 2024. Jongoo mchanga hakuwemo katika uamuzi huo wa pauni, sawa, lakini afisa wa forodha akishika kipande cha ngozi atajuaje si pauni? Vijana mnataka jina kwenye spishi, bahari inaisha.

Kasa_Mdogo
Mzee wangu, kibali cha kukusanya ninacho. Cha kutoa nje kinashughulikiwa.

Bwana_Spikula
Mimi nakuja na swali lingine kabisa: nani kakwambia ni spishi mpya? Rangi? Jongoo mchanga mmoja ana kijivu, ana weusi, ana mistari. Holothuria lessoni miaka yote iliitwa scabra "versicolor", na yeye anatoka mweusi, wa mabaka na wa rangi ya mchanga ndani ya spishi moja. Alipewa jina lake 2009 baada ya spikula (vijifupa vya ngozini) na vinasaba kukubaliana. Upande mwingine, pauni mweusi wa Pasifiki na wa Bahari ya Hindi walihesabiwa spishi moja, na 2004 DNA ikaonyesha ni wawili: whitmaei kule, nobilis huku kwetu. Rangi peke yake haitoshi.
Umetazama spikula? Ngozi ya mgongo, ya tumbo, minyiri na miguu, kila mahali peke yake. Kipande cha milimita 2 juu ya kioo, matone mawili ya jiki, subiri nyama iyeyuke, nyonya kwa karatasi pembeni, suuza na maji yaliyochujwa mara nne au tano. Usiposuuza, chumvi ya jiki inakauka na utachora fuwele ukidhani ni umbo jipya. Tupia picha.

Kasa_Mdogo
[picha 3] Hizi hapa, ngozi ya mgongo. Spikula za umbo la meza na za vifungo vyenye vinundu.

Bwana_Spikula
Nimezikuza. Vifungo vimetimia, kila tundu lina ukingo mkali, meza zina miiba juu.
Sasa wakuu tusimame kidogo. Spikula ni kalisi kabonati. Formalini ikikaa inageuka kuwa na asidi ya fomiki, na asidi inakula kalisi. Mleta uzi, ulitia boraksi ya kuzuia asidi? Ulichanganyia maji gani?

Kasa_Mdogo
Maji ya bomba. Boraksi sikutia.

Bwana_Spikula
Basi picha hizi hazitoki kwa wanyama hao. Wiki sita kwenye formalini isiyo na bafa, ulitakiwa kuona vifungo vilivyolika kingo, au usione kitu kabisa. Uzi huu ni wa kutunga.

Dodoma_Kavu
Nilijua tu! Swali la kwanza kabisa aliuliza "zinafungwaje zisizuiwe uwanja wa ndege". Huyo ana gunia la pauni chumbani anatafuta lebo ya utafiti.

Hakimu_wa_Pwani
Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Moderator aangalie.

Kupwa_na_Kujaa
Gunia la pauni na anajua 260/230? Mvuvi wa namna hiyo nimpe heshima yake. Lakini hoja ya spikula ni nzito, aijibu.

Kasa_Mdogo
Jamani, sina gunia. Spikula nilizitoa kwenye ngozi niliyokata ufukweni kabla ya kuwatia kwenye formalini. Kila mnyama kipande cha sentimita 1, nikavifuta maji, nikaviweka kwenye bahasha za karatasi ndani ya kopo la silika jeli. Sikusema kwa sababu ni za spikula tu, tena ni ngozi kavu, na dada kasema ngozi haifai.

Mama_Ngisi
Mungu wangu. Silika jeli! Mtoto unayo DNA ndani ya kopo unahangaika na maiti.
Nilisema ngozi si chaguo la kwanza. Ngozi iliyokaushwa haraka kwa silika ni bora mara mia kuliko msuli wa formalini. Je, vipande vimekuwa vigumu vinavunjika, au vinanata?

Kasa_Mdogo
Vigumu. Vichache vinanata kidogo.

Mama_Ngisi
Vinavyonata viweke mwisho, huenda vilioza kabla ya kukauka. Kwa vigumu fanya hivi. Kwangua uso wa nje kwa wembe mpya, huko ndiko kwenye bakteria na mwani. Kata miligramu 15, si zaidi. Loweka kwenye bafa ya TE (maji ya kutunzia DNA) usiku mzima kwenye friji, umwage: unatoa chumvi ya bahari na kulainisha. EDTA ya humo itashika kalisi ya spikula kidogo, lakini ukiona bado kuna mchanga mweupe mwingi, rudia kwa EDTA 0.5 M saa kadhaa kisha suuza vizuri, kwa kuwa EDTA ikibaki inashika magnesi na PCR inakufa. Halafu mikrolita 20 za protinesi K (kimeng'enya cha kuyeyusha nyama) ya miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 56 usiku mzima, ukitikisa. Kabla ya kupitisha kwenye safu, zungusha kwa kasi uchukue maji ya juu tu. Weka chupa moja isiyo na nyama tangu mwanzo hadi PCR, ikitoa bendi ujue umechafua.

Kupwa_na_Kujaa
Ukifika hapo, usitume nyama popote. Tuma bidhaa ya PCR au soma hapa hapa. Ikibidi kutuma nyama kwenye ethanoli, IATA (shirika la usafiri wa ndege) wana sharti maalumu A180: kichupa kisichozidi mililita 30, ndani ya mfuko uliofungwa kwa joto, ndani ya mfuko wa pili wenye kitu cha kunyonya, halafu sanduku gumu, jumla ya kimiminika isizidi lita 1. Na hilo ni suala la moto kwenye ndege tu, vibali alivyotaja Hakimu viko pale pale.

Bwana_Spikula
Naondoa neno "kutunga". Ila muhtasari ubadilishe kabla hujautuma. Andika "Holothuria cf. scabra, umbo lenye mabaka ya manjano", yaani anafanana na scabra ila hujathibitisha. Hakuna atakayekucheka.

Kasa_Mdogo
"cf." itanipa bango la pembeni kwenye kongamano, "spishi mpya" inanipa ukumbi wa kuzungumza. Nitaacha kama ilivyo, matokeo yakija nitarekebisha.

*(siku kadhaa baadaye)*

Kasa_Mdogo
Mrejesho wakuu. Ngozi kavu, DNA ikapunguzwa 1 kwa 10, BSA ndani, COIce kwa nyuzi 48: bendi kwa nane kati ya kumi na mbili. Chupa tupu haijatoa kitu. Mbili za kwanza zimesomwa. Moja imelingana na bakteria. Ya pili inalingana na Holothuria scabra kwa asilimia 99. Lakini 99 si 100, kuna tofauti hapo.

Mama_Ngisi
Ya bakteria ni ya vipande vilivyonata, sivyo? Itupe.

Bwana_Spikula
Asilimia 1 ya herufi 650 ni herufi sita au saba, na scabra wawili wa ghuba moja wanaweza kutofautiana hivyo. Fungua kromatogramu (mchoro wa vilima vya herufi), kata herufi 30 za mwanzo na 30 za mwisho, tazama kama hizo sita ziko huko kwenye vilima vilivyopandana. Halafu soma upande wa pili kwa praima ya nyuma ulinganishe. Ukumbi baadaye.