Anayeshinda mjini na kurudi jioni, alipe kiingilio?

Mleta mada:
Wadau, nalileta hili tulijadili bila jazba. Tangu Aprili 2024 mji wa Venice, Italia, unamtoza Yuro 5 mtu anayeingia asubuhi na kuondoka jioni bila kulala. Haitozwi kila siku: mwaka huo zilikuwa siku 29 za majaribio. Mwaka 2025 zikawa siku 54, na anayejiandikisha zikiwa zimebaki chini ya siku nne akapandishiwa hadi Yuro 10. Tozo inaanza saa mbili na nusu asubuhi, inakoma saa kumi jioni. Anayelala hotelini haguswi, eti kodi ya malazi keshailipa.

Mimi napinga, na kinachonikera ni nani analengwa. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo mara nyingi ni yule asiye na uwezo wa kulipia chumba. Kaamka alfajiri, kafunga chakula kwenye mkoba, kapanda treni na wanawe wawili. Akifika, hata kukaa kwenye ngazi za uwanja wa Mtakatifu Marko na kufungua chakula chake ni kosa la faini. Sasa na kuingia nako alipe! Mwenye chumba kinachotazama mfereji anapita kifua mbele.

Safari za kutwa zilianza kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kule Uingereza, shilingi moja kwenda na kurudi, wakahudhurie mkutano wa kupinga ulevi. Miaka mitatu baadaye mshairi William Wordsworth alikuwa magazetini akipinga reli isifike Windermere, eneo la maziwa na milima la hukohuko Uingereza, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba umati wa wafanyakazi usingejua kuuthamini uzuri wa milima na maziwa yale. Reli ikafika 1847. Nikiwasikiliza watetezi wa kiingilio leo, namsikia mzee Wordsworth akikohoa nyuma ya pazia.

Halafu kimepunguza nini? Mwaka 2024 kilikusanya zaidi ya Yuro milioni 2, msongamano ukabaki palepale. Mtu aliyekwishalipa nauli hageuzi njia kwa sababu ya Yuro 5.

Mpangaji wa ghorofani:
Mleta mada, umemtetea vizuri mama na mkoba wake. Sasa nisikilize na mimi niliyeishi miaka sita kwenye mtaa wa kale wa aina hiyo, chumba cha juu, mlango wa chini unafungukia kichochoroni. Saa nne asubuhi ulikuwa hutoki. Unafungua mlango, unakutana na migongo. Mwongoza watalii kainua mwavuli juu, watu arobaini wamemzunguka, mmoja kaegemea kengele yangu na wala hajui kwamba inalia. Kizingiti kilikuwa cha jiwe, kimelika katikati kama kijiko, na hakikosi mtu aliyekaa hapo anakung'uta mchanga viatuni. Unamwomba akupishe, anakutazama kama wewe ndiye umemwingilia.

Fundi viatu aliyekuwa mkabala na mimi aliondoka, pakawa duka la sumaku za friji. Baadaye akaondoka mwuza nyanya. Kununua nyanya nikawa napanda basi.

Taka zinazolewa na nani? Choo kinasafishwa na nani? Anayelala anaacha kodi, wa kutwa anaacha chupa. Venice ya kale ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951, leo hawafiki 50,000. Wachache waliobaki ndio wabebe gharama za wote wanaopita?

Mleta mada:
Pole, dada, hiyo kengele imenichoma. Lakini takwimu yako inanisaidia mimi. Mtu wa kutwa halali, kwa hiyo hakai nyumba ya mtu. Nyumba za wenyeji zinageuzwa kuwa vyumba vya kupangisha kwa usiku, na wateja wake ni walewale waliosamehewa kiingilio.

Dereva wa basi:
Wakuu, nyote mnapigania ukingoni. Nimeendesha mabasi ya ziara miaka mingi. Hamjajiuliza kwa nini watu wote wanatokea saa nne?

Wanatokea saa nne kwa sababu karatasi ya ratiba inasema hivyo. Miji mitatu kwa siku moja: mmoja asubuhi, wa pili mchana, wa tatu jioni. Kila mji saa mbili, na ndani ya hizo saa mbili robo tatu ya saa inaishia kwenye foleni ya choo. Nashusha watu 50, nazunguka kutafuta pa kuegesha, nikirudi wameshajipanga na mifuko yao. Wengi hawajala, hawajanunua cha maana, wamepiga picha. Mabasi kumi yakifika pamoja ni watu 500, treni nzima ya huyo Cook, kwenye kichochoro cha dada yetu.

Hallstatt, kule Austria, ni kijiji cha watu 750 hivi kando ya ziwa, na siku za msimu kinaweza kupokea hadi watu 10,000. (Wachina walikipenda hadi wakajenga nakala yake Guangdong, ikafunguliwa 2012. Nakala haikupunguza kitu.) Tangu 2020 basi la ziara lazima liweke nafasi ya muda maalumu, na likishafika likae si chini ya saa mbili na nusu. Sheria moja, na ratiba ya miji mitatu inavurugika. Dubrovnik, mji wa bandari kule Kroatia, nao tangu 2019 walipunguza meli za kitalii hadi mbili kwa siku. Hao wamemshika mwenye chombo, mama wa mkoba hawajamgusa.

Mwalimu wa historia:
Naongeza. Ugomvi huu ulishafika mahakamani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Siku ya mwisho ya mwaka 1900 jiwe moja la Stonehenge, lile duara la mawe ya kale kule Uingereza, lilianguka. Mwenye ardhi, Sir Edmund Antrobus, akazungusha uzio na kuanza kutoza shilingi moja. Watu wakaja juu: mahali pale palikuwa wazi tangu enzi za babu zao! Kesi ikaamuliwa 1905, Antrobus akashinda. Mwaka 1915 Cecil Chubb akapanunua mnadani kwa pauni 6,600, na 1918 akapatoa kwa taifa kwa masharti, likiwemo kwamba kiingilio kisizidi shilingi moja.

Kwa hiyo kiingilio chenyewe hakinitishi. Naogopa zaidi mahali ambapo fedha haiponyi. Pango la Lascaux, Ufaransa, lenye picha za kale zilizochorwa ukutani, lilifunguliwa kwa umma 1948. Pumzi za wageni zikaanza kuziharibu zile picha, na 1963 likafungwa. Kila mmoja wao angelipa mara kumi, pumzi ingekuwa ileile. Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale mjini Athens, Ugiriki, wamelielewa hilo: tangu Septemba 2023 mwisho ni watu 20,000 kwa siku, kwa zamu.

Mpita njia:
Zamu zina kasoro yake. Bustani ya Keukenhof, Uholanzi, iko wazi kama wiki nane tu kwa mwaka. Maua ya tulipu hayaambiwi yasubiri Novemba. Mji wa pwani unaweza kuvuta msimu: Blackpool, Uingereza, wanapamba ufuko kwa taa kila mwaka ili watu waje hata joto likishaisha. Ua huwezi kulivuta.

Mleta mada:
Sawa, nalegeza. Saa na idadi nakubali, basi liweke nafasi nakubali. Fedha kwa mtu mmojammoja bado nakataa.

Mpangaji wa ghorofani:
Na idadi ikijaa, kaka, nani atakosa? Wakala atanunua nafasi mia mbili miezi mitatu kabla. Mama wa mkoba anaamua safari Ijumaa jioni akishajua kama watoto hawana homa. Akifungua simu, Jumamosi imekwisha. Kiingilio cha Yuro 5 angalau angekilipa akaingia.

Mleta mada:
Hapo umenibana. Basi nusu ya nafasi zisiuzwe mapema. Zitolewe langoni, siku hiyohiyo, kwa anayewahi.

Dereva wa basi:
Mkuu, na hiyo foleni ya langoni itasimama wapi?

Mpangaji wa ghorofani:
Juu ya kengele yangu.