Tupeane uzoefu: kuchukua SUV mpya kwa mkataba wa miaka 3, bei mliiongeaje?

Wa Nakawa: Ndugu zangu, leo nimetoka kuulizia gari, nina karatasi mbili mfukoni. Nataka mpya kabisa, siyo iliyotumika ya bondi. Mpango wenyewe: kampuni inabaki na kadi ya gari, mimi natumia miaka 3 nalipa kila mwezi, mwishoni nairudisha au naongeza hela niichukue. Sasa yule kijana wa mauzo, hata sijakaa vizuri, ananiuliza, "Mzee, kwa mwezi unaweza ngapi?" Nikababaika, nikataja milioni 4 za shilingi yetu ya Uganda. Tangu hapo roho haijatulia. Mliopita njia hii, semeni.

Mama wa Entebbe: Umejiuza kaka, ila maadamu hujasaini, bado. Mimi niliulizwa hilohilo, nikajibu hivyohivyo. Alibonyeza kikokotoo chake mpaka namba yangu ikatokea, akanigeuzia kioo huku anatabasamu. Bei ya gari haikutajwa hata mara moja! Riba nikaambiwa ni asilimia 15 kwa mwaka, nikaona nafuu kuliko benki. Kumbe inapigwa kwenye deni zima la mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata ukibakiza milioni 3 tu. Chukua milioni 100: riba ya miaka 3 ni milioni 45, jumla 145, kila mwezi kama 4,030,000. Benki ikikokotoa kwa salio linalopungua, malipo hayohayo ni riba ya asilimia kama 26. Mwanangu ndiye alinionyesha kwenye simu, sikulala. Asubuhi nikarudi: nipe kwanza bei ya taslimu, halafu thamani ya gari baada ya miaka 3, riba tutaongea mwisho. Kijana akakunja uso, akaenda kumwita bosi. Chai haijapoa, milioni 6 zimeshuka.

Wa Jinja: Na uulize kama VAT imo. Mimi niliandikiwa milioni 120 safi kabisa, asilimia 18 imejificha chini kwa herufi za sisimizi. Milioni 21 na laki 6!

Wa Gulu: Ninyi mnaongelea hela, mimi ziliniua kilomita. Mkataba ulinipa 20,000 kwa mwaka, ukizidisha unalipia kila kilomita. Nikapiga hesabu ya Kampala kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi, nikaona inatosha na chenji inabaki. Mwaka 2024 daraja la Karuma, lililo njiani kati ya Kampala na Gulu, likafungwa kwa matengenezo, kuanzia Mei hadi Septemba. Miezi yote hiyo tunazunguka Masindi, tunakatiza hifadhi ya Murchison hadi Pakwach, ndipo turudi Gulu. Nyani wananijua. Siku ya kurudisha gari, jamaa hakutazama hata rangi, alichungulia dashibodi tu, akaandika. Nikamwambia ssebo, yaani bwana, daraja sikulifunga mimi. Akasema mkataba haujui daraja. Waombe kilomita nyingi mwanzoni kabisa, maana wakati huo wanakutaka na wanazitoa kwa bei ndogo. Ukishasaini, kila moja ni dhahabu. Na mikwaruzo: piga picha gari siku unayolichukua, hadi chini ya bampa.

Wa Mbale: Kuna aliyewahi kuvunja mkataba katikati? Mimi kazi iliisha mwezi wa 14. Walidai miezi yote iliyobaki. Nilipata mtu wa kuurithi, wakakataa kwa sababu kipengele hicho sikukiomba siku ya kwanza. Sina la kuongeza, bado inauma.

Wa Nakawa: Jamani, nimefungua karatasi ya pili sasa hivi. Kilomita 15,000. Na mimi kila Krismasi niko Kisoro! Kesho narudi, naanza na bei ya taslimu. Tatizo ni moja, mke wangu alikuwepo leo, na rangi ameshachagua mbele ya kijana.

Mama wa Entebbe: Kesho mwache nyumbani.