Nalima mwani, yeye ni baharia wa dago. Kusi ikishika anaondoka. Naomba ushauri

Mwani Mbichi (mleta mada)

Habari zenu jamani. Niko kisiwa kimoja huku Kilwa. Nina miaka 41, niliachika miaka minne iliyopita, watoto wangu wawili ni wakubwa. Nina kamba 280 za spinosamu, aina ya mwani. Mchumba wangu ana miaka 33, Mpemba, baharia kwenye boti inayovua dagaa kwa taa usiku. Walikuja dago, yaani kambi ya wavuvi wa msimu, Desemba na upepo wa kaskazi; upepo wa kusi ukishika wanarudi kwao.

Wanaoijua pwani wanajua akina mama wa mwani na watu wa dago hatupikiki chungu kimoja. Nyavu zao zinatung'olea vigingi, wao wanasema tumewazibia njia. Kwa hiyo tangu aseme anataka kunioa, wenzangu kwenye kikundi wameninunia. Baba alishafariki, na kaka yangu ambaye ndiye walii wangu amekataa katakata: "Mtu wa dago hana kwao."

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nitajuaje kama ana mke Pemba? Kaka akishikilia kukataa nifanyeje? Na la tatu: anataka nitoe laki nne na nusu tuanze kulima kotonii, aina nyingine ya mwani, kwenye maji marefu. Nampenda, sifichi. Lakini sitaki kuoza kama mwani ulioanikwa kwenye mvua.

Bi Kidau

Mwanangu, anza na kalenda ya mwezi. Kazi zenu zote mbili zinaendeshwa na mwezi, na kalenda itakwambia mengi kuliko maneno ya watu.

Wewe unakwenda shambani wakati wa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kutoka kupita kiasi. Kila mwezi yapo mawili, moja mwezi ukiandama na moja mwezi ukiwa mpevu. Bamvua la pwani yetu hutoa maji kabisa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo unaingia saa mbili na kutoka kama saa saba, na kila siku maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Yeye anavulia taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiandama yuko baharini usiku kucha, anarudi alfajiri, wewe unatoka yeye analala. Siku hizo hamtaonana, msigombane bure. Lakini mwezi mpevu boti ya taa inafunga nanga, dagaa hawafuati taa kwenye mbalamwezi. Ana wiki nzima ya mapumziko, na wewe una bamvua.

Hapo ndipo pa kumpima. Mwambie aje shambani bamvua la mwezi mpevu. Si siku moja ya kuonekana na watu, aje siku tatu mfululizo. Afunge nawe tai-tai, vile vikamba vidogo vya kushikia mbegu, abebe gunia lililolowa, ambalo ndilo linalovunja migongo ya wanawake huku. Mwanamume wa dago anayelala kambini wiki nzima mchumba wake akiburuta magunia peke yake hatabadilika kwa kufungishwa ndoa.

Na hilo la umri lisikusumbue. Bi Khadija alikuwa mkubwa kwa Mtume (S.A.W.), na kila mwanachuoni wa pwani analisimulia bila haya.

Nanga Mbili

Kuhusu kama ana mke, usimuulize yeye peke yake, na usitegemee mabaharia wenzake maana wanalindana. Fuata karatasi.

Mvuvi mgeni akifika kambi ya dago hupokelewa na BMU ya kijiji, yaani kamati ya ufukwe, na huwa anadaiwa barua ya utambulisho ya alikotoka. Nenda kwa katibu wa BMU, muombe akuangalizie ametokea shehia gani, yaani mtaa au kijiji cha utawala cha Zanzibar. Kwa vile ni Mpemba, barua yake ya kwao inatoka kwa sheha, mkuu wa shehia, si mtendaji wa kijiji kama huku bara. Ukishajua shehia, kaka yako au mzee wa msikiti ampigie sheha simu. Sheha anajua nani ameoa na nani ameacha. Kama alishaacha, omba kuona cheti cha talaka, na kama hakina muhuri wa kadhi muulize ni kwa nini.

La pili, deni. Hili wanawake wengi hawaliulizi. Baharia wa dago hutanguliziwa pesa na tajiri wa chombo kabla ya safari: ya kuacha nyumbani, ya nauli, ya chakula kambini. Mauzo yakipatikana, kwanza yanatolewa mafuta na matumizi, kinachobaki mara nyingi kinakatwa nusu kwa nusu, nusu ya chombo, mashine na nyavu, nusu ya mabaharia, na nahodha anapata fungu zaidi ya wengine. Kwenye fungu lake baharia ndipo linakatwa deni. Msimu ukiwa mbaya anamaliza miezi minne bado anadaiwa, na mwenye deni haachi chombo mpaka alipe. Kwa hiyo akikwambia "nitabaki kusi hii", swali ni moja: tajiri amekubali? Muombe muende wote kwa nahodha siku ya mgao, daftari lifunguliwe mbele yako. Anayekuoa kwa nia njema hatakataa. Akikataa mara mbili, umejibiwa.

Mtungo

Nyongeza ndogo hapo. Kudaiwa si ubaya. Karibu kila baharia anadaiwa. Ubaya ni kuficha.

Karani wa Baraza

Dada, nitajibu la kaka na la mali, kwa sababu yanakwenda pamoja.

Upande wa dini: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani, mwanamke haozwi bila walii, hata kama alishaolewa. Tofauti yako na mwanamwali ni kwamba wewe huozeshwi bila idhini yako ya wazi. Kaka akikataa bila sababu inayokubalika kisheria, huo ni uzuiaji na haukufungii mlango: unapeleka shauri kwa kadhi, anamwita kaka, anamsikiliza, na akiona hana hoja kadhi mwenyewe anasimama kuwa walii. Kabla ya kufika huko tumia wazee wawili wanaoheshimiwa na kaka. Wampelekee jibu la sheha na daftari la nahodha mkononi. "Hana kwao" ni hoja inayojibika kwa jina la shehia na namba ya simu.

Upande wa serikali: mkifungia ndoa Kilwa mnaongozwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Taarifa ya kusudio la ndoa inatolewa angalau siku 21 kabla. Kama ana mke mwingine anatakiwa amtaje kwenye taarifa hiyo, na mke huyo ana haki ya kuweka pingamizi akionyesha kuwa uwezo wa mume ni mdogo na ndoa ya pili itamtia kwenye dhiki. Kwa hiyo siku 21 zihesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku boti inaposafiri. Kama wanaondoka mwishoni mwa Aprili, taarifa iwe imeshapelekwa mwishoni mwa Machi. Wengi wanaharakishana siku tatu kabla ya safari, wanasomewa hutuba, cheti hakuna, na akishavuka mke hana pa kushika. Msiahirishe cheti. Tena ujue sheria hii haifiki Zanzibar. Mkihamia Pemba, mashauri yenu yatakwenda Mahakama ya Kadhi ya huko, na cheti ndicho kitakachokusemea.

Mali: kuolewa hakumpi mume umiliki wa kitu chako. Kamba zako 280, vigingi na uchanja wa kuanikia vinabaki vyako. Lakini soma kifungu cha 114 vizuri: kitu ulichokuwa nacho kabla ya ndoa kikiboreshwa sana na mwenzako, au kwa jasho la wote wawili, ndani ya ndoa, kinaweza kuingia kwenye mgawanyo ndoa ikivunjika. Ni haki, kwa sababu akikaa miaka mitano anapiga vigingi nawe, jasho lake limo. Unachotakiwa ni kuandika leo kilichopo leo: idadi ya kamba, urefu wake, mwaka uliozinunua. Katibu wa kikundi na mwenyekiti wa kitongoji waweke sahihi, nakala mbili.

Zamu ya Usiku

Afya, kwa ufupi. Pimeni wote wawili kabla ya ndoa, siku moja, chumba kimoja: VVU, kaswende na homa ya ini B. Cha VVU kirudiwe baada ya miezi mitatu maana maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwanza. Kaswende inatibika kwa sindano ya penisilini, msikimbiane kwa ajili yake. Homa ya ini B ina chanjo ya dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Mkitaka mtoto, kwa miaka 41 anza foliki asidi kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku, na klinik uingie kabla ya wiki ya 12 wapate kuangalia presha na sukari.

Mwani Mbichi

Mungu awabariki. Sikujua kabisa habari ya daftari la nahodha, nitaiomba. Sasa naomba mnisaidie hiyo laki nne na nusu. Yeye anasema spinosamu haina bei, mwanamke hawezi kotonii kwa sababu inataka maji marefu, na yeye ana uwezo wa kupiga mbizi. Ni kweli au ananitaka mtaji?

Uchanja

Kitaalamu anasema kweli, dada. Kotonii huwa na bei kubwa kuliko spinosamu, wakati mwingine karibu maradufu, lakini kwenye maji mafupi inakufa. Miezi ya joto, Desemba mpaka Machi, maji yaliyotuama juu ya mchanga bamvua likitoka yanachemka. Mwani unapauka, unakuwa mweupe na laini, unakatika kwenye tai-tai. Masika yakiingia, maji ya mvua yasiyo na chumvi yanaumaliza uliobaki. Maji marefu hayabadiliki joto haraka hivyo, na wakulima wengi wanawake hawana mtumbwi wala hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo mkulima wa mwani na mvuvi mpiga mbizi kwenye shamba moja ni watu wanaokamilishana.

Lakini msianze sasa. Mbegu ya kotonii ikifungwa Februari mnaipeleka kwenye joto. Subirini masika yapungue, maji yapoe, mwezi wa sita. Maana yake mpango huu unamtaka awepo kusi, si kaskazi. Muulize hapo hapo: kama anarudi Pemba Aprili, nani atapiga mbizi Juni? Jibu lake litakuonyesha kama ameifikiria kazi au ameifikiria pesa.

Na msianze na laki nne na nusu. Anzeni na kamba 20 za mita 5. Tai-tai kila sentimita 20, kila moja kipande cha mbegu cha gramu 100, kwa hiyo kamba moja inakula kilo 2 na nusu za mbegu. Tungikeni kwa maboya juu na nanga za mifuko ya mchanga chini, pahali ambapo hata bamvua likitoka kunabaki mita mbili za maji. Maboya tumieni chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri. Baada ya wiki sita kipande kizuri hukaribia kilo moja. Vuneni, tengeni mbegu ya mzunguko unaofuata kabla ya kuanika, na mkumbuke kilo 7 mpaka 8 za mbichi zinatoa moja kavu. Mkimaliza mizunguko miwili na hesabu inasoma, ndipo muongeze.

Pesa usimpe mkononi. Nunueni kamba pamoja, risiti iwe na majina mawili, na muandike mapema mtumbwi ni wa nani.

Bi Kidau

Limebaki la kikundi, mwanangu, na msilidharau. Wenzio hawajanuna kwa wivu tu. Boti ikikokota nanga juu ya shamba, mama mmoja anapoteza kamba 30 na wiki sita za kazi, na hakuna anayemlipa. Sasa kamba zikikatika tena watasema ni watu wa mume wako, hata kama si wao.

Mtumie huyo mwanamume kwa faida ya wote. Kabla ya posa, aende na nahodha wake kwa BMU, wakae na viongozi wa kikundi, wakubaliane njia ya vyombo. Pembe nne za shamba zisimikwe miti mirefu inayoonekana maji yakijaa, ifungwe vitambaa vyeupe, kwa sababu boti zinarudi alfajiri kabla hakujapambazuka na kigingi cha mkono mmoja hakuna nahodha anayekiona. Miti ya nje iwekwe chupa ya kung'aa inayorudisha mwanga wa taa. Kazi ya siku moja, watu sita.

Mwani Mbichi

Nimesoma yote mara mbili. Katibu wa BMU ni jirani, kesho naenda. Bamvua la mwezi mpevu linaanza wiki ijayo, nitamwambia aje saa mbili asubuhi, na miti ya pembeni tutaikata siku hiyo hiyo. Kaka atakuwepo kisiwani Ijumaa, wazee nimeshawapata wawili.

Nanga Mbili

Vizuri. Mwambie avae viatu vya raba na atembee kwa kuburuta nyayo. Watu wa boti wamezoea kukanyaga mbao, na kwenye majani ya bahari samaki taa, yule mwenye mwiba mkiani, hulala amejifukia mchangani.