Kiwanda cha barafu Malindi: tajiri ataka mizunguko miwili kwa siku

Meneja_Barafu
Salaam jamaa. Kaskazi imeshika na foleni ya wavuvi haiishi. Mtambo ni wa amonia, makopo ya kilo 25 yenye unene wa sentimita 15. Tajiri ataka tutoe barafu mara mbili kwa siku. Zamu ya usiku ikibanwa hutoa mapema, vipande vikapasuka na maji katikati. Mchana kompresa yajizima presha ikizidi, na fundi ataka kuifunga swichi ya usalama isiizime tena. Nianzie wapi?

FundiBaridi
Swichi isiguswe kabisa, hata tajiri akipiga simu mara kumi. Visima vya huku vina chokaa, na utando wake kwenye mabomba ya kondensa, pale maji yanapopoza gesi ya amonia, huzuia joto kutoka. Sugueni, mkague pampu na nozeli. Kisha zimeni kompresa, maji ya kondensa yaendelee kupita hadi joto litulie. Maji yakiwa nyuzi 30, geji ya presha isome karibu bar 10.7, ikizidi sana, mna hewa ndani. Itolewe na mwenye ujuzi, kupitia ndoo ya maji, barakoa usoni.

Mkufunzi
Kuhusu mizunguko, unene huo, maji ya chumvi yanayozunguka makopo tangini yakiwa nyuzi −10, huchukua takriban saa 14. Yakipanda hadi −5, muda ni kama maradufu. Mbili kwa siku haziingii hapo, basi mpe tajiri hesabu hiyo kwa maandishi: anunue makopo membamba, kwa sababu ukipunguza unene nusu, muda hushuka hadi robo. Pimeni pia chumvi. Asilimia 20 kwa uzito haigandi mpaka karibu −16. Ikipungua, barafu hushika koili, yaani mabomba ya amonia ya kupozea, na tangi zima hupoteza baridi. Propela ya kuzungusha maji nayo mara nyingi husahaulika.

Msimamizi2
Mnahesabu kazi ya zamu kwa idadi ya vipande? Hapo ndipo wanapoharibikia. Hesabuni vizima tu, na saa ya kujaza kila safu iandikwe ubaoni. Oda za wavuvi zipokelewe jioni, namba zitolewe kufuata maji ya bahari. Vibarua nao wana siku moja ya kupumzika katika kila saba, Sheria ya Ajira ya 2007, kaskazi au kusi.

Meneja_Barafu
Shukran. Kondensa tutaisugua kwa asidi au brashi?

FundiBaridi
Brashi kwanza. Asidi kali hula chuma.